Somo Huanza Redio Ikizimwa



Mimi bado si mwalimu. Ninasoma mwaka wa mwisho katika Chuo cha Ualimu Morogoro, pale Kigurunyembe, chini ya Milima ya Uluguru. Nikimaliza na nikipata kazi, huenda nikaletwa katika shule ya kijiji chako. Kwa hiyo yafaa tufahamiane mapema. Nataka kukueleza fikra zangu juu ya jambo moja. Jambo hilo ni namna mwalimu anavyopaswa kutumia vyombo vya kisasa anapowafundisha watoto wako.

Nikisema vyombo vya kisasa nina maana ya redio, televisheni, kompyuta, simu na kishikwambi. Kishikwambi ni chombo kama simu, lakini ni kipana kama daftari. Bila shaka umekwisha kukiona. Karani wa Sensa alipopita nyumbani kwako mwezi wa Agosti mwaka 2022 hakuwa na makaratasi. Aliandika majibu yako katika kishikwambi. Sensa ilipokwisha, Serikali iliamua vishikwambi vigawiwe walimu. Basi chombo kilichohesabu watu wa nyumba yako huenda sasa kimo mikononi mwa mwalimu wa mtoto wako.

Je, mwalimu huyo anakifanyia nini? Una haki ya kuuliza.

Chuoni tunafundishwa kutumia vyombo hivi. Ni vizuri, na mimi mwenyewe navipenda. Lakini nilipokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha nilifanya kosa ambalo nusura limdhuru mtoto wa watu. Nitakusimulia. Kabla ya hapo, nianze na bibi yangu, maana yeye ndiye aliyenifumbua macho.

REDIO YA KIKUNDI

Bibi alizaliwa upande wa Matombo. Hakupata shule utotoni. Alijifunza kusoma na kuandika akiwa mama mwenye watoto, kama labda wewe unavyojifunza leo. Mwaka 1967 watu wazima 67 katika kila 100 nchini Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Julius Nyerere akatangaza mwaka 1970 uwe Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa chini ya miti, katika maghala, na katika shule baada ya watoto kwenda nyumbani. Ilipofika mwaka 1986, wasiojua kusoma walibaki kama 10 tu katika kila 100. Bibi ni mmoja wa wale waliovuka.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Wazee wa kijiji chako wataikumbuka. Watu kama milioni mbili nchi nzima walishiriki katika vikundi vya kujifunza. Kwa muda wa majuma 12 walisikiliza vipindi vya Radio Tanzania juu ya magonjwa kama malaria, kuhara, minyoo na kichocho. Kila kikundi kilikuwa na kitabu. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyepewa mafunzo kabla ya kampeni kuanza.

Nilimwomba Bibi anieleze kikundi chao kilivyofanya kazi. Alisema hivi:

"Redio ilikuwa moja, ya mwenye duka. Tulikaa chini ya mwembe. Kipindi kikianza, hakuna aliyesema neno. Hata mtoto akilia mama yake alimpeleka kando. Kipindi kikiisha, kiongozi alizima redio. Hapo ndipo somo lilipoanza."

Nilishangaa kidogo. Nikamwuliza, "Bibi, kwani somo halikuwa lile la redioni?"

Akacheka. "Mjukuu wangu, redio ilisema chimba choo kirefu. Sisi hapa tukichimba kidogo tu tunakuta mwamba. Redio ilijua mwamba wetu? Redio iko Dar es Salaam. Tulibishana mpaka jua likashuka. Mmoja akasema, choo chako wewe wa juu kinatiririka kwenye kijito ninachochota mimi wa chini. Wakanuniana. Lakini wiki iliyofuata walichimba pamoja, mahali pengine penye udongo. Na kiongozi alipita nyumba kwa nyumba kuangalia nani amechimba na nani amesema tu."

Msomaji, nimesoma vitabu vingi vya ualimu. Bado sijakuta maelezo yanayozidi hayo ya Bibi. Tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Redio ilileta habari ambayo kijiji hakikuwa nayo. Kitabu kiliihifadhi ili isisahaulike. Kiongozi aliwauliza watu, "Na hapa kwetu, je?" Watu walijibu, walibishana, walikubaliana, kisha walishika majembe. Ungeondoa redio, wangekosa habari. Ungeondoa mazungumzo, wangebaki na sauti tu iliyopita hewani.

Leo simu iliyo mfukoni mwa kijana inabeba habari nyingi kuliko redio ile mara elfu. Lakini nani anaizima ili watu wazungumze? Kila mmoja amekaa na yake. Hata mezani.

KOSA LANGU

Sasa nikusimulie kosa langu. Sitaitaja shule, maana shule haikukosea. Nilikosea mimi.

Nilipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya milimani. Nilipewa Darasa la Tano, lenye watoto 52. Vitabu havikutosha. Watoto wanne walisoma kitabu kimoja. Nikafikiri, mimi ni mwalimu wa kisasa, nitatafuta njia. Nikaandika namba za simu za wazazi, nikafungua kundi la WhatsApp. Walioingia katika kundi walikuwa wazazi 17. Nilifurahi sana. Sikujiuliza wale 35 wengine wako wapi.

Jioni moja nilipiga picha maswali matano ya hesabu kutoka kitabuni. Nikayatuma katika kundi. Nikaandika kwamba kila mtoto ayafanye, na asubuhi nitasahihisha. Nilituma saa kumi na mbili, giza linaanza kuingia. Kisha nikala, nikalala vizuri.

Asubuhi niliwaambia waliofanya wanyooshe mikono. Mikono 11. Nikawaambia wasiofanya wasimame. Wakasimama watoto 41. Nikawasema kwa uvivu wao. Miongoni mwao alikuwapo msichana mmoja hodari, ambaye siku zote humaliza kazi kabla ya wenzake. Hakunitazama. Nilimsema naye.

Saa nne, wakati wa mapumziko, bibi yake alikuja shuleni. Ni mama mtu mzima. Alikuwa na mkungu wa ndizi kichwani, anakwenda gulioni. Aliutua chini, akanisalimu kwa adabu, nami nikamwamkia. Kisha akanieleza.

Nyumbani kwao hakuna simu kubwa. Iko simu ndogo ya kupigia tu. Mjukuu wake alisikia kwa mwenzake kwamba mwalimu ametuma maswali. Akaogopa kuja shuleni bila kazi. Kijana mmoja mwenye simu kubwa alimwambia, "Twende kwenye jiwe la mtandao, nitakuonyesha." Kwetu milimani mtandao haupatikani kila mahali. Kuna majiwe na miinuko inayojulikana, na watu hupanda huko kupiga simu. Msichana wa miaka kumi na mmoja alitoka gizani kumfuata kijana huyo mlimani. Bibi yake alikosa kumwona jikoni, akatoka na tochi, akamkuta nusu ya njia, akamrudisha.

Bibi yule hakupiga kelele. Angenifokea ingekuwa afadhali. Alisema tu, "Maswali matano, mwalimu. Ungeyaandika ubaoni." Kisha akaomba asaidiwe kujitwika ndizi zake.

Nilimtwika. Mikono yangu ilitetemeka.

Ubao ulikuwapo. Chaki ilikuwapo. Maswali matano yangenichukua dakika tano kuyaandika, na watoto wote 52 wangeyanakili kabla ya kengele ya kwenda nyumbani. Kwa nini sikufanya hivyo? Ukweli ni kwamba nilitaka nionekane wa kisasa. Nilitumia chombo kwa ajili ya sifa yangu. Sikukitumia kwa ajili ya mtoto. Na kile nilichokiita uvivu wa watoto kilikuwa umaskini wa nyumba zao, tena umaskini ambao niliuweka mimi hadharani nilipowasimamisha.

Baadhi yenu mtasema kijana yule huenda alikuwa na nia njema tu. Huenda. Mimi simhukumu. Lakini mwalimu hana ruhusa ya kumtuma mtoto mahali ambapo usalama wake unategemea "huenda".

Kesho yake niliwaomba radhi watoto mbele ya darasa. Nikamwomba radhi yule msichana peke yake, na jioni nikaenda kwao kumwomba radhi bibi yake. Alinipa ndizi.

MTO RUVU WA WAPI?

Kosa la pili lilikuwa dogo, na mwisho wake tulicheka. Lakini nalo lina maana.

Siku hizi kuna kompyuta zinazojibu maswali kwa maneno mazuri kama ya mtu. Wataalamu wa Kiswahili huziita akili mnemba. Unaziuliza kwa simu, nazo zinakuandikia barua, shairi, hata somo zima la kufundisha. Wanachuo wengi tunazitumia. Nisifiche.

Nilitakiwa kufundisha juu ya mito. Nilikuwa nimechoka. Nikaiuliza simu, "Nieleze Mto Ruvu." Ikaniandikia ukurasa mzuri. Ikasema mto huo unapata maji yake kutoka Kilimanjaro na kuyapeleka katika Mto Pangani. Sikusoma kwa makini. Nikaingia darasani na karatasi yangu, nikaanza kusoma kwa sauti.

Mtoto mmoja wa kiume akanyoosha mkono. "Mwalimu, Ruvu si huu wa hapa?" Wenzake wakacheka. Maji ya Ruvu hupita upande huo wa milima. Watoto wale huyaoga. Wengine huvuka mto asubuhi na jioni.

Nilipochunguza niligundua kwamba iko mito miwili yenye jina hilo. Upo Ruvu wa kaskazini, ambao kweli unatoka pande za Kilimanjaro na kumwaga maji yake katika mfumo wa Pangani. Na upo Ruvu wetu. Huu unazaliwa hapa Uluguru, unapokea maji ya mito mingine kama Mgeta na Ngerengere, unapita Mkoa wa Pwani, na kuingia Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Maji ya bomba wanayokunywa wakazi wengi wa Dar es Salaam yanatoka katika Ruvu huu wetu. Akili mnemba ilishika Ruvu wa mbali, ikauacha uliopo chini ya dirisha la darasa.

Haikusema uongo kwa makusudi. Haina makusudi. Lakini haikusema "sijui" wala "unataka Ruvu upi?" Ilijibu kwa sauti ya anayejua. Na mimi, niliyezaliwa kando ya milima hii, niliamini karatasi kuliko macho yangu. Ndipo nikaacha karatasi. Nikawaambia watoto, "Haya, nifundisheni ninyi. Ruvu unatoka wapi?" Saa ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizofundisha. Mmoja alijua chemchemi. Mwingine alijua mahali ambapo maji yamepungua tangu watu walipokata miti juu. Mwingine alisimulia babu yake alivyovushwa na mafuriko. Niliandika ubaoni mpaka chaki ikaisha.

Kwa hiyo chombo hiki sitakikataa. Kinaweza kunipa maswali ya mazoezi, au kunikumbusha neno nililosahau. Lakini kitu chochote kinachotoka humo nitakisoma mara mbili, na nitamwuliza mtu anayeijua habari hiyo kabla sijakipeleka kwa watoto. Mwalimu asiyejua somo lake hawezi kutambua chombo kinapokosea. Ndiyo kusema kwamba vyombo hivi vinamtaka mwalimu asome zaidi kuliko zamani.

PICHA YA MTOTO

Jambo la tatu ni la mwanachuo mwenzangu. Alikuwa na huruma nyingi. Aliona mtoto mmoja ana shati lililochanika mgongoni, na miguu mitupu. Akampiga picha, akaipeleka mtandaoni, akaandika maneno ya kuomba msaada. Watu wengi waliitazama.

Mmoja wa waliotazama alikuwa mjomba wa mtoto huyo, anayefanya kazi Dar es Salaam. Msomaji wa Kiluguru anajua mjomba ni nani. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye dhamana. Aliona mtoto wa dada yake anaonyeshwa kwa watu asiowajua kama mtoto asiye na mtu. Alipiga simu usiku ule ule. Alikuwa analia na kufoka kwa pamoja. Kumbe sare mpya alikuwa amekwisha kununua, iko njiani katika basi.

Picha iliondolewa. Lakini wenzake darasani walikuwa wamekwisha kuiona, na walimpa mtoto jina la utani ambalo sitaliandika hapa.

Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Taarifa binafsi ni zile zinazomhusu mtu na kumtambulisha, kama jina lake, ugonjwa wake, au picha ya uso wake. Ni vizuri mwalimu aijue sheria hiyo, na mzazi pia. Lakini hata kama isingekuwapo, adabu ilikuwapo. Huingii nyumba ya mtu bila kubisha hodi. Picha ya mtoto nayo ina wenyewe. Mwalimu akitaka kumpiga mtoto wako picha, akuulize kwanza. Akuambie anaipeleka wapi na kwa nini. Na ukikataa, asikununie.

WATOTO WA TANGA

Usidhani basi kwamba vyombo hivi havina faida. Twende kidogo mkoani Tanga nikuonyeshe.

Kulikuwa na shindano kubwa lililoitwa Global Learning XPRIZE. Tajiri mmoja, Elon Musk, alitoa dola milioni 15 za Marekani kwa ajili ya shindano hilo. Washindani walitakiwa kutengeneza masomo ya kishikwambi yatakayomwezesha mtoto kujifundisha kusoma, kuandika na kuhesabu bila kuwa na mwalimu. Kati ya mwaka 2017 na 2019 walijaribiwa hapa Tanzania, kwa Kiswahili. Watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga walipewa vishikwambi. Vilichajiwa kwa umeme wa jua hapo hapo kijijini. Wengi wa watoto hao walikuwa hawajapata kwenda shule.

Kabla ya kuanza, zaidi ya watoto 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu.

Tafakari. Mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi sasa anasoma neno. Tena kajifunza kwa kucheza na chombo, bila fimbo ya mtu yeyote. Mimi nafurahi kabisa nikisikia habari hiyo. Atakayesema vishikwambi havina maana, mwonyeshe watoto wa Tanga.

Lakini mimi kama mwalimu wa kesho naitazama pia ile nusu nyingine. Hao walikuwa na kishikwambi kile kile, jua lile lile, miezi ile ile 15, na bado hawakuweza kusoma neno. Kwa nini? Huenda mmoja macho yake hayaoni vizuri. Huenda mwingine alikuwa analea mdogo wake mgongoni. Huenda wa tatu alilala na njaa. Kishikwambi hakiwezi kumwuliza mtoto, "Leo umekula?" Mtoto anapokosea, chombo kinahesabu kosa. Mwalimu anaweza kuona uso. Ile nusu iliyobaki ndiyo kazi yangu, na ndiyo maana sijaogopa kwamba mashine itaninyang'anya chaki.

Tukumbuke vilevile miezi ya ugonjwa wa korona. Shule zote zilifungwa mwezi wa Machi mwaka 2020, na watoto wa shule za msingi walirudi tarehe 29 Juni. Katika kipindi hicho masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Nyumba iliyokuwa na redio, na mtu mzima wa kukaa na mtoto na kumwuliza "umesikia nini?", ilipata faida. Nyumba nyingine redio ilisema peke yake.

Nataka kusema neno juu ya mtu mzima huyo, kwa maana huenda ni wewe. Baadhi yenu hudhani kwamba kwa kuwa mmejifunza kusoma jana tu, hamwezi kumsaidia mtoto anayejua kubonyeza kishikwambi. Si kweli. Mwulize, "Hicho ulichosoma kina maana gani? Nani amekisema? Hapa kwetu kiko hivyo?" Maswali hayo hayahitaji kujua kubonyeza. Kikundi cha Bibi kiliyauliza mwaka 1973.

MATUTA

Kuna habari nyingine ya hapa Uluguru ambayo haina simu wala redio ndani yake, lakini naifikiri kila ninaposikia kwamba chombo kipya kinaletwa shuleni.

Miaka ya 1950 serikali ya wakoloni wa Kiingereza ilileta mpango wa kuhifadhi ardhi ya milima hii. Nia yenyewe haikuwa mbaya. Udongo ulikuwa unachukuliwa na mvua. Wataalamu wakaamuru wananchi wachimbe matuta ya ngazi katika miteremko. Walioamriwa hawakuulizwa. Walilazimishwa, na asiyechimba alitozwa faini. Mahali pengi udongo mzuri wa juu ni mwembamba. Walipochimba ngazi, udongo usio na rutuba ulitoka chini ukaja juu, na mazao yakawa haba. Watu walifanya kazi nyingi wakavuna kidogo. Mwezi wa Julai mwaka 1955 wananchi walikusanyika Matombo kwa hasira. Polisi walifyatua risasi, na mtu mmoja aliuawa. Baada ya hapo mpango ulikufa.

Nenda leo Mgeta. Utaona ngazi nzuri katika miteremko, zimejaa kabichi, njegere na mboga nyingine zinazouzwa mpaka Dar es Salaam. Ufundi wa ngazi haukuwa mbovu. Mahali unapofaa, penye maji na soko, wakulima wanautumza wenyewe bila askari. Kilichokuwa kibovu ni kuamini kwamba mwenye ufundi hana haja ya kumsikiliza mwenye shamba.

Mimi nitakuja na ufundi wangu wa chuoni. Wewe ndiwe mwenye shamba. Unajua nyumba ipi haina taa. Unajua mtoto yupi anatembea saa nzima kuja shule, na yupi hulala kwa shangazi. Usikae kimya kwa sababu tu mimi nina cheti. Katika mkutano wa wazazi simama uulize: Chombo hiki kitatumiwa na watoto wote au na wachache? Kikiharibika, nani atalipa? Mtoto asiye na simu atafanyaje? Picha za watoto wetu zinakwenda wapi? Mwalimu mwema hatachukia maswali hayo. Akichukia, uliza tena.

Kwa upande wangu nimekwisha kuamua mambo machache. Kazi ya nyumbani nitaiandika ubaoni. Kundi la simu la wazazi nitalitumia kwa taarifa tu, kama siku ya mkutano, na taarifa hiyo hiyo nitaipeleka pia kwa mdomo wa watoto na kwa karatasi kwenye mti wa matangazo. Kishikwambi kikiwapo, kitakaa katikati ya kikundi cha watoto, kama redio ya Bibi. Watatazama pamoja, kisha nitakizima, nao wataniambia wameona nini. Siku umeme ukikatika, somo litaendelea. Na nitawatuma watoto waje kwako wewe mzazi, na daftari na kalamu, wakuulize jina la kila kijito na kila mti. Majibu hayo hayamo katika simu yoyote. Usiwafukuze. Hiyo ndiyo kazi yao ya nyumbani.

Jambo moja sijalipatia jibu. Yule msichana wa Darasa la Tano anakaribia kwenda sekondari. Huko atakutana na kompyuta, na wenzake wa mjini watakuwa wamezizoea tangu wadogo. Nikimwepusha na vyombo hivi ili awe salama, nitakuwa nimemfungia mlango mwingine. Nikimwachia peke yake, umeona yaliyotokea. Nadhani yafaa ajifunzie shuleni, mchana, mbele ya wenzake, na mtu mzima yupo. Lakini shule yake ina kishikwambi kimoja na watoto mia kadhaa. Katika darasa lenu la kisomo, zungumzeni juu ya hilo. Ninyi mna watoto, mimi bado.

Nitakapofika kijijini kwenu, naomba mtu mmoja anichukue siku ya kwanza tukazunguke. Anionyeshe njia wanazopita watoto, mahali wanapovuka mto, na jiwe la mtandao lilipo.